Kompyuta Inatoa Sauti Usiyoijua? Tafuta Kinachoibadilisha

Mtu akisikia kompyuta yake inatoa sauti ambayo jana haikuwapo, huanza kwa kuitafutia mfano: inakoroma, inapiga mluzi, inagongagonga, inalia kama nyenje. Mifano hiyo husaidia kidogo sana. Mluzi uleule unaweza kutoka kwenye feni, kwenye koili (nyaya zilizosokotwa) za kadi ya picha, kwenye chaja au kwenye spika, na hata sikio la fundi mzoefu linaweza kuvichanganya. Kinachomfichua mhusika ni kile kinachoibadilisha sauti. Inakoma ukichomoa nini? Inapanda ukifungua programu gani? Inarudi kila baada ya muda gani? Mwongozo huu unafuata maswali hayo, na mengi kati yake unaweza kuyajibu bila kushika bisbisi.

Sauti tatu zisizosubiri uchunguzi

Ya kwanza ni ya diski ya kuzunguka: tak… tak… tak, kwa mwendo ulio sawa, huku kompyuta ikiganda au ikishindwa kufungua faili. Acha kazi uliyokuwa unafanya. Kila dakika diski hiyo inapoendelea kuzunguka inaweza kuwa inaharibu kitu ambacho bado kingeokolewa. Nitaieleza kwa urefu huko mbele, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza picha na kazi za miaka.

Ya pili ni mpasuko, cheche au mngurumo mzito kutoka pale waya wa umeme unapoingia nyuma ya kasha, hasa ukiambatana na harufu ya kuungua. Zima swichi ya ukutani, ndipo uchomoe waya, na usiiwashe tena ili kuona kama imepona. Pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, haifunguliwi nyumbani. Kapasita zake kubwa huchajiwa kwa zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Kifaa hicho hubadilishwa kizima.

Ya tatu ni ya laptopu: kasha linalia kwa kukazika, padi ya kugusa imeinuka au imekuwa ngumu kubofya, kifuniko hakifungi sawasawa. Hiyo ni betri iliyovimba. Zima mashine, chomoa chaja, usiibonyeze betri irudi mahali pake, usiitoboe, na usiichaji tena. Mpelekee fundi.

Sauti nyingine karibu zote zinaweza kusubiri uzichunguze kwa utulivu.

Spika au mwili wa mashine?

Jaribio hili la dakika moja hukata nusu ya uwezekano wote. Chomoa kabisa waya wa spika au hedifoni kwenye kompyuta, na uzime spika zenye umeme wake. Kupunguza sauti kwenye skrini hakutoshi, kwa kuwa mvumo wa umeme unaoingia kwenye spika yenyewe hautii kidhibiti sauti cha Windows. Kumbuka pia kwamba monita nyingi zina spika ndogo ndani yake, na waya wa HDMI au DisplayPort hubeba sauti pamoja na picha. Mtu anaweza kuchomoa spika za mezani, akaendelea kusikia sauti, na akaamini inatoka ndani ya kasha kumbe inatoka nyuma ya monita. Kwa laptopu, chomeka hedifoni yenye waya. Sauti ikihamia masikioni ni ya spika. Ikibaki palepale ni ya mwili.

Na ikiwa umezima kompyuta, umechomoa kila kitu, na bado kuna kinacholia? Basi si kompyuta. Mlio mmoja mfupi na mkali kila baada ya sekunde 30 hadi 60 ni tabia ya kitambua moshi ambacho betri yake inaisha. Ni mlio mwembamba, mfupi mno, na sikio la binadamu hupata tabu kubaini unatoka upande gani, ndiyo maana watu huilaumu kompyuta iliyo chini yake. UPS, yaani kisanduku cha betri ya akiba, nayo hulia umeme unapokatika, na milio yake huongezeka kasi betri inapokaribia kwisha. Ikilia hata umeme ukiwapo, mara nyingi inadai betri mpya au imebebeshwa vifaa kupita uwezo wake. Taa zilizo mbele yake na kijitabu chake vitakwambia ni lipi kati ya hayo.

Sauti ni ya spika: kengele inayojirudia

Kengele ya noti mbili, mara inapanda, mara inashuka, bila mtu kugusa chochote: Windows inatangaza kwamba kifaa cha USB kimeunganishwa au kimekatika. Kuna kifaa kinachopoteza mawasiliano na kuyapata tena. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, na uiache wazi mbele yako. Kila kengele inapolia orodha hujichora upya, na kinachotoweka na kurudi ndicho unachokitafuta. Kama macho hayawahi, chomoa vifaa kimoja kimoja, ukisubiri kidogo baada ya kila kimoja.

Wanaostahili kushukiwa kwanza ni diski ya nje yenye waya mrefu au mwembamba, na hubu (kigawanyi cha tundu moja la USB kuwa mengi) isiyo na umeme wake. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, la USB 3.0 hadi 900. Ukipachika diski, kamera na taa kwenye hubu moja inayokula umeme wa kompyuta, mmoja wao ataanguka. Ikiwa kifaa ni kizima na waya ni mzuri, tafuta kwenye sifa za hubu ndani ya Device Manager alama inayoiruhusu Windows kuzima kifaa ili kuokoa umeme, na uiondoe.

Mtu anaongea, na hakuna dirisha lililo wazi

Hii ndiyo sauti inayowatisha watu kuliko zote, na karibu kila mara ina maelezo ya kawaida. Anza na kivinjari. Kichupo kinachotoa sauti huwa na alama ndogo ya spika. Bofya kwa kitufe cha kulia ukinyamazishe. Ukiona umefunga madirisha yote na sauti bado ipo, angalia aikoni zilizo karibu na saa. Chrome na Edge zina mpangilio unaoziruhusu kuendelea kufanya kazi nyuma ya pazia baada ya dirisha la mwisho kufungwa. Na kama kinachosikika ni mlio mfupi wa taarifa, pitia orodha ya tovuti ulizoziruhusu kukutumia taarifa. Watu hubofya "ruhusu" ili kuondoa kidirisha kinachowasumbua, kisha husumbuliwa kwa miezi.

Usipopata jibu hapo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sndvol, bonyeza Enter. Kitafunguka kidirisha chenye safu moja kwa kila programu iliyowahi kuomba spika, na safu ya programu inayolia wakati huo itakuwa na mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Huhitaji kukisia tena: jina limeandikwa chini yake.

Jina likiwa geni, au likiwa la sehemu ya Windows isiyo na sababu ya kupiga matangazo, chukulia kwamba kuna programu hasidi. Zipo zinazofungua kurasa za matangazo kwa siri ili wenyewe walipwe kwa kila bofyo, na tangazo lenye sauti huwatoboa siri. Poweliks, iliyojulikana mwaka 2014, ilifanya biashara hiyo ya mabofyo huku ikijificha ndani ya rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, badala ya kukaa kama faili la kawaida kwenye diski. Kwa aina hii ya wadudu, ukaguzi wa haraka hautoshi. Tumia ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika nje ya Windows: kompyuta hujiwasha upya na kukaguliwa kabla mfumo haujaamka na kabla mdudu hajapata nafasi ya kujificha.

Kuna sauti nyingine ya mtu ambayo si ya kuogopa kabisa. Ikiwa inakusomea kila unachokigusa, umewasha msomaji wa skrini aliyewekwa kwa ajili ya wasioona. Kwenye Windows ni Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Kwenye Mac ni Command na F5. Mchanganyiko uleule humzima. Vivyo hivyo kwa kibodi inayolia pip unapoandika: kubonyeza Shift mara 5 mfululizo, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, au Num Lock kwa sekunde 5 huita misaada ya kuandikia yenye milio yake. Mtoto aliyecheza na kibodi kwa dakika moja huweza kuiwasha yote mitatu.

Ukijisikia mwenyewe ukiongea, kwa kuchelewa kidogo, ingia kwenye sifa za maikrofoni katika mipangilio ya sauti na uondoe alama ya kusikiliza kifaa hicho kupitia spika.

Mvumo, mtatariko na milio ya ajabu ndani ya spika

Mvumo mzito usiobadilika, ambao unaendelea hata hakuna kinachopigwa, hutoka kwenye umeme wa nyumba. Umeme huo huenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, na mvumo husikika katika masafa hayo au mara mbili yake. Sababu ya kawaida ni kwamba kompyuta na spika, au amplifaya, zimechomekwa kwenye soketi tofauti, na waya wa sauti ukawa daraja la umeme mdogo kati ya nyaya zao za ethi, zile za usalama zinazoelekea ardhini. Kwa laptopu jaribio ni rahisi: chomoa chaja. Mvumo ukikatika papo hapo, umeshapata jibu. Chomeka vyote kwenye kiendelezi kimoja, au weka kitenganishi cha sauti kwenye waya wa spika. Kamwe usikate wala kuziba pini ya ethi ili mvumo uondoke. Utaondoka kweli, na pamoja nao kinga inayokuzuia kurushwa na umeme siku kasha litakapoguswa na waya ulio hai.

Ta-ta-ta, ta-ta-ta, kisha kimya, na sekunde chache baadaye simu inaita: hiyo ni simu iliyo kwenye mtandao wa GSM karibu na spika. Simu za GSM hurusha mawimbi kwa vipande vipande takriban 217 kwa sekunde, na waya wa spika usiokingwa hugeuka antena. Isogeze simu hatua moja au mbili. Kwa njia hiyohiyo waya mrefu wa spika unaweza kunasa stesheni ya redio ya AM iliyo karibu, nawe ukasikia mtangazaji akinong'ona kwenye kompyuta iliyozimwa ilhali spika zina umeme. Ndiyo maana nilisema uchomoe waya kabla ya kufikiria virusi. Fupisha waya, au ufunge kifungo cha feraiti (kipande kinachozuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya) karibu na spika.

Mkwaruzo unaofuata kipanya ni dalili nzuri, kwa sababu unajieleza wenyewe. Ukisogeza kipanya, ukishusha ukurasa au diski ikifanya kazi, spika zinakwaruza, ukitulia, zinatulia. Saketi ya sauti iliyo kwenye bodi mama inanasa kelele za majirani zake. Jaribu tundu la nyuma badala ya lile la mbele, ambalo waya wake hupita katikati ya kasha lote. Nyamazisha viingizio usivyotumia, hasa maikrofoni na line-in (tundu la kuingizia sauti). Isipotosha, kadi ndogo ya sauti ya USB huondoa tatizo, kwani saketi ya sauti inatoka nje ya kasha.

Mtatariko unaosikika muziki unapopigwa tu, kama sauti inakatwakatwa, ni tatizo la muda: kompyuta inachelewa kuipa spika kipande kinachofuata. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kadi ya mtandao au ya kadi ya picha huweza kuishika prosesa kwa muda mrefu mno. Zima Wi-Fi kwa dakika chache usikilize; mtatariko ukiisha, badilisha draiva yake. Kwa hedifoni za Bluetooth, angalia kama kuna diski ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na kipokezi, kwa kuwa vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz yaleyale yanayotumiwa na Bluetooth. Na sauti ikigeuka kuwa ya simu ya zamani mara tu unapoingia kwenye mkutano, hedifoni imehamia hali ya kuzungumza ili maikrofoni yake itumike. Tumia maikrofoni ya kompyuta nayo itarudi kuwa safi.

Mpasuko mdogo mmoja, sekunde chache baada ya muziki kusimama, kisha mwingine unapoanza tena, ni kadi ya sauti inayolala na kuamka ili kuokoa umeme. Haina madhara. Kwenye Linux unaweza kuizuia kwa kuweka thamani ya power_save ya moduli ya snd_hda_intel kuwa 0.

Sauti ni ya mwili: feni

Feni ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, lakini kosa mara nyingi si lake. Feni inayounguruma ghafla inatii amri: kuna joto, na kuna kitu kinacholeta joto hilo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, panga programu kwa matumizi ya prosesa. Ukikuta sasisho la Windows, ukaguzi wa virusi au uorodheshaji wa faili, subiri kazi hiyo iishe. Ukikuta kichupo cha kivinjari kinachokula prosesa nzima, kifunge.

Prosesa ikiwa imetulia na feni bado inapiga kelele, angalia njia ya hewa: matundu yaliyozibwa na blanketi au godoro, vumbi lililoganda kwenye mapezi ya chuma, au pesti ya joto (krimu kati ya prosesa na chuma cha kuipoza) iliyokauka kwenye mashine ya miaka mingi. Unapopuliza vumbi, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Hewa ya kopo inaweza kuisukuma feni kwa kasi ambayo beringi yake haikuumbiwa.

Kelele ya feni yenyewe ina tabia zake. Kukwaruza asubuhi kunakopungua mashine ikipata joto ni grisi ya beringi inayokwisha. Feni hiyo itasimama siku moja, kwa hiyo inunuliwe mpya sasa. Tiki-tiki inayoongezeka kasi pamoja na feni ni waya unaoguswa na panga, tatizo la kufunga kamba moja ya plastiki. Mvumo unaopanda na kushuka polepole, vuu… vuu… vuu, huwachanganya wengi, kwani kila feni ukiisikiliza peke yake ni nzima. Ni feni mbili zinazozunguka kwa kasi inayokaribiana mno, na sauti zake zinapishana. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya bodi mama inayoanza kabla ya Windows), badilisha kasi ya mojawapo, na mvumo utatoweka.

Kuijua feni mbaya kwenye kompyuta ya mezani: zima, fungua ubavu, chomoa waya wa feni moja ya kasha, washa, sikiliza kidogo, zima, rudisha, nenda kwa nyingine. Ya prosesa usiichomoe. Iguse kitovuni kwa raba ya penseli kwa sekunde moja au mbili tu. Feni ya pawasaplai usiiguse kabisa.

Kabla ya yote hayo, bonyeza kasha kwa kiganja pande zote. Mngurumo ukibadilika chini ya mkono wako, huna feni mbovu bali skrubu iliyolegea au ubavu wa bati unaotetemeka.

Diski

Kwanza hakikisha unayo. Kwenye Windows 11, na kwenye Windows 10 za karibuni, Task Manager huandika kama diski ni HDD, yaani ya kuzunguka, au SSD. SSD haina kinachozunguka, basi ikiwa mashine ina SSD peke yake, futa diski kwenye orodha ya washukiwa.

HDD nzima ina sauti zake halali. Inapoanza kuzunguka hupanda kama mluzi wa mbali. Inaposoma, mikono yake hutoa mtatariko usio na mpangilio. Inapokaa bila kazi hupumzisha mikono kwa tiki moja. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huvuma kwa hezi 90 (mitetemo 90 kwa sekunde), na ya 7,200 kwa hezi 120, namba unazoweza kuziona kwa programu ya simu inayochora masafa ya sauti. Tahadhari moja: mahali ambapo umeme ni wa hezi 60, mvumo wa umeme nao huangukia 120, kwa hiyo namba peke yake haimtii mtu hatiani. Chomoa diski ya data, sikiliza tena.

Sauti mbaya ni ile yenye mpangilio. Tak, tak, tak kwa nafasi sawa ni mikono inayoshindwa kupata alama zake kwenye sahani, inarudi mwanzo, inajaribu tena. Kwa diski ya nje, badilisha waya na tundu la USB kabla ya kukata tamaa, kwa sababu umeme mdogo huleta tabia hiyohiyo. Diski inayolia bip nyembamba bila kuzunguka nayo ama haina umeme wa kutosha ama mikono yake imenasa.

Ikiwa bado inasomeka, nakili faili usizoweza kuzipata kwingine: picha, hati, kazi zako. Programu na filamu ziache. Usiendeshe chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows), usipange upya faili zake kwa defrag, usinakili kila kitu kwa mpigo. Kazi hizo huilazimisha kupita sehemu zote mbovu. Usiiweke kwenye friza, maana unyevu utaganda juu ya sahani. Usiifungue. Ikiwa haisomeki na kilichomo kina thamani kubwa, izime na ibaki imezimwa mpaka ifike kwa wanaookoa data. Ambaye diski yake haijafika hapo asome taarifa zake za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, kwa programu kama CrystalDiskInfo. Hesabu ya sekta (vipande vya kuhifadhia data) zilizohamishwa, namba 5, na ya sekta zinazosubiri, namba 197, zikipanda wiki hadi wiki, diski inaondoka hata kama haijapiga kelele.

Mluzi mwembamba unaofuata picha

Unashusha ukurasa na kasha linalia *kwiii*, unaacha, linanyamaza. Au unafungua mchezo na mluzi unakuwa mkali zaidi kwenye menyu kuliko ndani ya mchezo wenyewe. Hizo ni koili za kadi ya picha au za pawasaplai, zinazotetemeka mkondo wa umeme unapobadilika haraka. Menyu nyepesi huchorwa mamia ya mara kwa sekunde, ndiyo maana inalia zaidi. Weka kikomo cha fremu, yaani picha kwa sekunde, kilingane na monita na mluzi utapungua.

Watu huuchanganya na feni, lakini tofauti iko kwenye mwendo. Koili hubadilika palepale mkono unapogusa kipanya, ilhali feni huchelewa sekunde kadhaa, kwa kuwa husubiri joto kisha husukuma panga zenye uzito. Mluzi wa koili hauharibu kitu. Monita na chaja hulia vivyo hivyo. Wa monita hubadilika ukipunguza mwangaza.

Pip za kuwasha, na muziki usioombwa

Mashine inayolia pip na skrini nyeusi inasema kitu, na lugha hutegemea aliyetengeneza BIOS. Kwa Award, pip moja fupi ni salama, ndefu moja na fupi mbili ni tatizo la kadi ya picha. Kwenye Mac za zamani, mlio mmoja kila sekunde 5 maana yake hakuna RAM, na milio mitatu ikifuatwa na kimya cha sekunde 5 maana yake RAM ipo lakini imeshindwa ukaguzi. Kwa bodi nyingine soma kijitabu chake, usitumie jedwali la kampuni tofauti. Bila kujua jedwali lolote, hatua ya kwanza ni ileile: zima, chomoa umeme, toa kadi za RAM, zirudishe mpaka zibane, jaribu moja baada ya nyingine.

Na kwa mwenye mashine ya zamani inayopiga "Für Elise" ya Beethoven kwa noti kavu kutoka ndani ya kasha: haijaingiwa na virusi. BIOS za Award/Unicore za kuanzia 1997 zilikuwa na saketi iliyopiga wimbo huo, au "It's a Small World", feni ya prosesa ilipokuwa inakufa au volti za pawasaplai zilipotoka kwenye kiwango chake. Microsoft ilichapisha maelezo rasmi kwa sababu watu walikuwa wakishangaa. Kagua feni, kisha pawasaplai.

Inawaka yenyewe usiku

Sauti inayokuamsha usiku na asubuhi haipo huwa ni kompyuta iliyokuwa imelala kisha ikaamshwa, ikazungusha feni na diski, ikalala tena. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) ukiwa msimamizi, andika powercfg /lastwake, nayo itakutajia kilichoiamsha mara ya mwisho. Kisha powercfg /waketimers, itakayokuonyesha kazi zilizopangiwa saa ya kuiamsha. Ikiwa ni kazi ya matengenezo, zuia saa za kuamsha kwenye mipangilio ya umeme. Ikiwa ni kadi ya mtandao, au kipanya kilicho kwenye meza inayotikisika, ifungue sifa yake kwenye Device Manager na uondoe ruhusa ya kuiamsha kompyuta, kimoja kwa usiku mmoja, ili ujue ni kipi.